Dozi ya nne: kisa cha wanafunzi wa uuguzi na rejista ya chanjo katika uwanda wa Kano

Kisa hiki, cha watoto ambao hawakurudi kupata dozi ya nne ya chanjo ya malaria, kilitokea mwaka 2025 katika zahanati moja ya uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu. Nimekikusanya kutoka kwa mwalimu aliyewasimamia wanafunzi, kutoka madaftari yao ya nyanjani, na kwa mazungumzo na wauguzi wa zahanati. Majina ya chuo, ya kituo na ya watu yameondolewa. Tarakimu za kituo nazo nimeziacha makusudi, kwa kuwa mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuingia katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya angezilinganisha na kukitambua kituo kabla chai yake haijapoa. Nawaandikia walimu wenzangu wa uuguzi wa jamii, pamoja na wauguzi wa zahanati wanaopokea wanafunzi wetu kila mwaka bila kuulizwa kama wana nafasi.

Mahali, ugonjwa na ratiba

Uwanda wa Kano ni nchi ya mpunga na miwa. Mifereji ya umwagiliaji ina maji karibu mwaka mzima, mito hufurika wakati wa masika, na mbu hawakosi pa kuzalia. Ukanda wa Ziwa Victoria ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini, na ndiyo sababu chanjo ya malaria ilianzia huku: ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, ikatolewa katika sehemu za kaunti nane za magharibi, kisha mwezi Machi 2023 ikapanuliwa hadi kaunti ndogo zaidi za ukanda huohuo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuipendekeza Oktoba 2021.

Chanjo hii haikingi kila mtoto. Katika majaribio makubwa, dozi nne zilizuia takriban visa vinne kati ya kumi kwa muda wa miaka minne. Lakini pale ambapo mtoto huugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, visa vinne kati ya kumi ni vingi mno. Tathmini ya utoaji wake Kenya, Ghana na Malawi ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vikipungua kwa asilimia 13.

Tatizo liko kwenye ratiba. Karatasi iliyobandikwa ukutani katika zahanati hii ilisema miezi 6, 7, 9 na 24. Kati ya dozi ya tatu na ya nne kuna mwaka na robo, na katika muda huo chanjo nyingine pekee ya kumrudisha mtoto kliniki ni dozi ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18. Akina mama wa Kenya wamezoea kwa miaka mingi kwamba sindano ya surua ya miezi tisa ndiyo ya mwisho. Dozi ya pili ya surua iliingia kwenye ratiba mwaka 2013 tu, na hadi leo wapo wasioihesabu, wauguzi wakiwemo.

Zahanati yenyewe ina wauguzi wawili na friji moja ya chanjo. Alikuwepo pia karani wa takwimu, aliyelipwa na mradi wa Ukimwi uliotegemea fedha za Marekani. Fedha hizo zilipositishwa Januari 2025, karani akaenda zake na rejista zikabaki mikononi mwa wauguzi walewale wanaozalisha, wanaochanja na wanaofagia.

Zoezi lilivyokuwa likiendeshwa

Ndani ya somo la afya ya jamii, wanafunzi wa diploma hutakiwa kwenda kijijini, kuchunguza hali ya afya ya wakazi na kuandika ripoti. Katika chuo hiki zoezi lilikuwa limepata desturi yake. Basi linawashusha, chifu anawatambulisha, wanazunguka na dodoso nene lenye maswali ya choo, maji, neti, dini na idadi ya watoto. Wiki ya mwisho wanachora chati, wanatoa somo la kunawa mikono chini ya mwembe, wanapiga picha na kuondoka. Ripoti inasahihishwa na kufungiwa kabatini.

Mwalimu wa kisa hiki alifungua kabati hilo kabla ya safari. Alikuta ripoti za vikundi vilivyotangulia katika kata ileile, na karibu zote zilimalizia kwa pendekezo moja: akina mama wahamasishwe. Hakuna iliyosema ahamasishwe mama yupi, kuhusu nini, na nani arudi kuona kama imefaa. Wakazi nao walikuwa wamechoka. Mama mmoja alikuwa amewauliza wanafunzi waliotangulia kama ile neti waliyomuuliza mwaka jana sasa wameileta.

Uamuzi wa kwanza: kuanzia zahanatini

Mwalimu aliamua kwamba siku za mwanzo hakuna mwanafunzi atakayekwenda kijijini. Wangekaa zahanatini na rejista ya chanjo, MOH 510 kwa nambari za Wizara ya Afya, wakimfuata mtoto mmoja mmoja mstari kwa mstari.

Sababu yake ni ya kiufundi na inafaa kuelezwa vizuri. Kila mwezi kituo hutuma muhtasari, MOH 710, na huo huhesabu sindano zilizotolewa. Mwezi ukiwa na dozi nyingi za kwanza, kituo kinapendeza. Lakini muhtasari hauwezi kukwambia kama mtoto aliyechanjwa Machi mwaka juzi amerudi, kwa sababu haumjui. Rejista ndiyo inayomjua: ina jina lake, la mamake, kijiji chake, na safu ya visanduku ambavyo ama vina tarehe ama ni vitupu. Wanafunzi wetu hufundishwa kujaza vyote viwili. Kusoma walichojaza hawafundishwi.

Pingamizi zilikuja kutoka pande tatu. Mwalimu mwenzake alisema dodoso limo katika utaratibu wa mtihani, na wanafunzi wasipolifanya watapunguziwa alama. Wakakubaliana lifupishwe na litumike baadaye, tena katika nyumba zenye sababu ya kutembelewa. Wanafunzi nao walinung'unika. "Mwalimu, tumetoka mjini kuja kunakili vitabu?"

La tatu ndilo lililokuwa zito. Muuguzi msimamizi wa zahanati alisema waziwazi, "Mkiandika kwamba watoto wamepotea, nitakayeulizwa ni mimi." Alikuwa na haki. Wanafunzi hukaa wiki chache, yeye hubaki na wakubwa wake. Mwalimu akampa ahadi: kitakachopatikana ataonyeshwa yeye kwanza, na akitaka kipelekwe kwa muuguzi wa afya ya umma wa kaunti ndogo, atakipeleka mwenyewe, kwa jina la zahanati. Chuo hakitakitaja popote. Kwa maoni yangu ahadi hiyo ilizaa zaidi ya mbinu zote zilizofuata. Bila hiyo wangeonyeshwa rejista safi na kabati lililofungwa.

Rejista iliwaambia nini

Visanduku vya miezi 6, 7 na 9 vilijaa vizuri. Cha miezi 18 kilikuwa na mapengo mengi. Cha miezi 24 kilikuwa karibu kitupu kurasa kwa kurasa, ingawa watoto wa kwanza kuchanjwa baada ya upanuzi wa 2023 walikuwa wametimiza umri huo tangu Septemba 2024.

Wanafunzi walikuwa na jibu tayari: uvumi. Walikuwa wamesoma kuhusu watu wanaokataa chanjo, na wakaanza kutayarisha somo la kuondoa hofu. Mwalimu aliwazuia wasitayarishe lolote mpaka waorodheshe watoto wenye visanduku vitupu na kuzungumza na familia zilizomo kwenye orodha hiyo.

Majumbani

Kila jozi ya wanafunzi ilifuatana na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji husika. Hilo halikuwa pambo. Baadhi ya wanafunzi walitoka Kakamega, Kericho na Machakos, hawajui Kidholuo, na nyanya wa Kano akizungumza Kiswahili na mgeni humjibu kile anachodhani mgeni anataka kusikia. Kwa mhudumu wake husema mambo yalivyo.

Waliokataa chanjo walikuwa wachache sana. Waliobaki walikuwa na maelezo ambayo dodoso la zamani lisingeyashika.

La kwanza liliwaumiza wanafunzi. "Sista, si ninyi mlinipongeza? Mlisema mtoto amemaliza." Mama alileta kitabu cha kliniki, na palipotakiwa tarehe ya kurudi hapakuwa na kitu. Muuguzi alikuwa amempongeza kwa miezi tisa, kama wauguzi walivyofanya miaka yote, akamwacha aende. Jibu hilo lilirudi nyumba baada ya nyumba.

Wengine walipoteza vitabu katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyowahamisha watu wengi wa Nyando na vijiji jirani. Kurudi kliniki bila kitabu ni kukaribisha kelele mbele ya foleni nzima, kwa hiyo hawakurudi. Wapo waliokuwa wamesikia mwenzao akifokewa, na hiyo iliwatosha.

Kulikuwa na watoto walioachiwa nyanya zao. "Nyanya, kitabu cha mtoto kiko wapi?" "Kiko Nairobi na mamake." Mama alikwenda kutafuta kazi, akakibeba pamoja na vyeti vyake kwa kudhani ni karatasi muhimu asiyopaswa kuiacha. Nyanya alijua mtoto ana chanjo, hakujua amefika wapi.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Zahanati ilichanja Alhamisi tu. Wanawake wanaopandikiza mpunga kwa vibarua hulipwa kwa siku na huchukuliwa kwa makundi, na ukikosa siku moja nafasi yako huchukuliwa na mwingine. Kadhaa walikuwa wamekuja siku nyingine, mvua iliposimamisha kazi, wakaambiwa warudi Alhamisi. Mmoja alikuja Jumanne mara mbili.

Kwa nini Alhamisi

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe na wauguzi, kwa sababu hapa hapakuwa na uvivu wala ukatili. Chupa ya chanjo ya surua na rubela ina dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa sita. Ukiifungua kwa mtoto mmoja umetupa tisa, na ripoti ya mwezi itaonyesha upotevu. Kwa hiyo zahanati ndogo huwakusanya watoto siku moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini muuguzi aliyewahi kuishiwa dozi na kusubiri gari la wilaya wiki nzima hasomi mwongozo kwa macho hayo.

Chupa ya chanjo ya malaria iliyotumika hapo ni ya dozi mbili. Nayo hutupwa baada ya saa sita, ila upotevu mkubwa kabisa ni dozi moja. Hakuna aliyekuwa amekaa akalitafakari hilo. Ilipokuja, iliwekwa kwenye friji moja na ile ya surua, nayo ikarithi kanuni ya surua. Mwanafunzi mmoja aliyeambiwa ajumlishe akiba ya friji ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjinga, kwa nini hii nayo inasubiri Alhamisi. Msimamizi alinyamaza kidogo, kisha akasema hajui.

Maamuzi yaliyofuata

Msimamizi, muuguzi mwenzake na mwalimu waliketi pamoja. Chanjo ya malaria ingetolewa siku yoyote ya kazi. Kuhusu surua msimamizi hakukubali kufungua kila siku, akaongeza siku ya soko juu ya Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo akina mama hupita mlangoni wakienda kuuza. Mwanafunzi mmoja alitaka kubishana akiwa na mwongozo mkononi. Mwalimu alimzuia, na naona alifanya sawa. Siku mbili anazozikubali msimamizi zitaendelea wanafunzi wakiondoka. Siku tano za kulazimishwa hazingeendelea.

Asiye na kitabu angeandikiwa kipya kutoka kwenye rejista, bila swali la "kiliendaje". Na kila mtoto wa miezi tisa angeandikiwa tarehe mbili kabla ya kutoka, ya miezi 18 na ya miezi 24, kisha mama aulizwe atazikumbukaje. Wengine walisema siku ya kuzaliwa, wengine msimu wa kuvuna.

Orodha ya watoto waliokosa iligawanywa kwa vijiji na kukabidhiwa wahudumu wa afya ya jamii, pamoja na fomu za rufaa, MOH 100. Hapo ndipo uzito ulipozuka. Chifu, kwa nia njema kabisa, alijitolea kuyasoma majina barazani. Alisema wangefika wote kesho yake. Pengine kweli. Mwalimu alikataa kwa upole, akaeleza kwamba orodha ya kliniki ni siri ya mgonjwa, na kwamba mama aliyeogopa kufokewa mbele ya foleni hatatibiwa hofu hiyo kwa kutajwa mbele ya kata. Chifu hakufurahi. Wakakubaliana atangaze siku mpya bila jina la mtu, na wahudumu wapite majumbani. Kazi ikawa ya polepole zaidi.

Somo la kuondoa uvumi halikutolewa. Badala yake wanafunzi walirudi barazani kuwaeleza wakazi walichokikuta, ikiwemo kwamba kliniki yenyewe iliwaambia wamemaliza kabla hawajamaliza. Msimamizi ndiye aliyeisema sehemu hiyo, kwa hiari yake.

Matokeo

Katika wiki zilizobaki watoto wengi wa orodha waliletwa, na walio wengi walipata ya malaria na ya surua siku moja. Baadhi walikutwa wameshachanjwa kwingine na rejista ikarekebishwa. Wengine walikuwa wamehama baada ya mafuriko na hawakupatikana. Wapo pia waliokuwa wamefariki. Wanafunzi hawakutayarishwa kwa hilo. Wawili walifika kwenye boma wakiuliza jina la mtoto aliyezikwa miezi michache kabla, na mhudumu waliyefuatana naye siku hiyo alitoka kijiji kingine, hakujua. Tangu hapo orodha husomwa kwanza na mhudumu wa kijiji chenyewe kabla ya mtu yeyote kubisha hodi.

Kisha wanafunzi wakaondoka. Katikati ya mwaka nchi ilipatwa na uhaba wa chanjo za BCG (ya kifua kikuu) na polio. Akina mama wenye watoto wachanga walirudishwa mikono mitupu, na habari ilienea uwandani kwamba kliniki haina chanjo. Ya malaria ilikuwepo, lakini nani angetembea kuhakikisha? Kikundi kilichofuata kilipofika kilikuta orodha haijaongezwa jina hata moja tangu wenzao waondoke, na kisanduku cha miezi 24 kimeanza kuwa kitupu upya. Siku za kuchanja zilikuwa zimedumu. Tarehe mbili za kurudi ziliandikwa na muuguzi mmoja, wa pili alikuwa amehamishwa na aliyekuja badala yake hakuelezwa.

Uchambuzi

Yaliyodumu ni yale yaliyogeuka kuwa desturi ya kituo: siku za chanjo, na kitabu kipya bila maneno. Hayakuhitaji mtu wa ziada. Yaliyoporomoka ni yale yaliyotegemea wanafunzi wenyewe, hasa orodha, kwani kuiandaa kila mwezi ni kazi ya saa nyingi na aliyekuwa akilipwa kuifanya hayupo tena. Ni rahisi kusema wanafunzi wawe wengi zaidi. Nahofia jibu hilo. Mwanafunzi akishakuwa kiraka cha karani aliyeondoka, kaunti haitamwajiri karani, na mwanafunzi atahitimu akiwa hodari wa kunakili.

Kilichofaulu kielimu ni mpangilio wa swali. Dodoso lilimfanya mwanafunzi amchunguze mama. Rejista ilimfanya aichunguze huduma, akiwa mmoja wa watakaoitoa. Mwalimu alibadilisha pia namna ya kutoa alama: sehemu kubwa sasa hutolewa kwa kueleza kilichobadilika kituoni na kwa waraka wa makabidhiano kwa kikundi kinachofuata, na chati zimepunguziwa uzito. Wanafunzi hufanya kinachopewa alama, nasi pia tulikuwa hivyo.

Udhaifu wa mpango ni kwamba uliwatumia sana wahudumu wa afya ya jamii bila kuwashirikisha katika kupanga. Wao hupokea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, inapofika, na walipewa orodha ikiwa imeshagawanywa. Mmoja alisema angewaambia tangu siku ya kwanza habari za vibarua vya mpunga, kama angeulizwa. Pia hakuna aliyempangia muuguzi mgeni namna ya kupokea kazi, kosa la kawaida katika vituo vyetu ambako uhamisho hutangazwa leo na kuanza kesho.

Na kuna sehemu ambayo ualimu hauwezi kuitibu. Ghana waliihamisha dozi ya nne hadi miezi 18, ikaenda pamoja na ya surua, safari moja badala ya mbili. Zahanati haina uwezo wa kubadilisha ratiba, na chuo hakina. Lakini barua ya msimamizi kwa kaunti ndogo, aliyoiandika mwenyewe kama walivyoahidiana, ilieleza pengo hilo kwa mifano ya rejista yake.

Chuoni mjadala unaoendelea ni wa basi. Mwalimu anataka kikundi kikubwa kigawanywe vidogo vinavyopokezana mwaka mzima, ili orodha isikae miezi bila mtu. Idara ya usafiri inasema hiyo ni safari nyingi kwa bajeti ileile. Kwa sasa orodha iko kwa msaidizi wa afya ya jamii wa eneo hilo, msimamizi wa wahudumu, ambaye ana vijiji vingine vya kusimamia na pikipiki moja.